Kazi ya Bure, Jasho la Kweli: Kwa Nini Tunawacheka Wachekeshaji wa Runingani

Mpenzi msomaji, kucheka kila mtu anakujua. Mtoto mchanga hucheka kabla hajaweza kutamka neno "mama". Lakini hebu muulize mwenzako anayegaragara kwa kicheko mbele ya runinga, "Wewe, unacheka nini?" Atajikuna kichwa, atafuta machozi, kisha aseme, "Si umeona mwenyewe!" Na kweli umeona. Umemwona mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akipambana na jambo la kipuuzi kana kwamba uhai wake wategemea jambo hilo. Kijasho chembamba kinamtoka. Macho yamemtoka pima. Na jambo lenyewe halina faida hata ya ndururu.

Makala haya yananuia kueleza kile ambacho mwenzako ameshindwa kukieleza. Ni nini hasa kinachotuvunja mbavu tunapomwona mchekeshaji akipewa mtihani usio na kichwa wala miguu? Na je, kicheko hicho kina funzo lolote kwetu sisi wanafunzi, hasa sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hapa Ruiru? Twende pamoja hatua kwa hatua.

MCHEZO HUU SI MGENI

Wako wanaodhani kwamba mchezo wa kumpa mtu kazi ya kipuuzi ili watu wacheke uliletwa na runinga. La hasha! Waswahili walikuwa nao zamani, kabla hata ya redio. Nani kati yetu hajasikia habari za Abunuwasi? Siku moja Sultani alimwamuru amjengee nyumba hewani, katikati ya mbingu na ardhi, na akishindwa atakiona cha mtema kuni. Abunuwasi hakulia, wala hakusema haiwezekani. Alitengeneza tiara kubwa, yaani kishada, akaifunga kengele, akairusha ikapaa juu kabisa. Watu wakasikia kengele zikilia angani. Ndipo Abunuwasi akamwambia Sultani kwamba mafundi wako kazini wanagonga, wanachongoja ni mawe na chokaa tu, basi na vipelekwe upesi. Sultani akashangaa: nani awezaye kupeleka mawe mbinguni? Naye Abunuwasi akamuuliza: na ni nani awezaye kujenga nyumba huko?

Ukiitazama hadithi hii vizuri utaona kwamba imekaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kazi isiyo na maana, kwa kuwa nyumba ya hewani haina mpangaji. Figa la pili ni sheria kali, kwa kuwa Sultani ametoa amri na hakuna kujadiliana. Figa la tatu ni mtu asiyekataa, ambaye badala ya kukimbia anaikubali kazi hiyo na kuishughulikia kwa bidii zote. Ondoa figa moja na chungu kitamwagika. Kazi ikiwa ya maana, hiyo ni ajira tu. Sheria ikikosekana, huo ni utundu wa watoto. Na mtu akikataa kujaribu, basi hakuna hadithi, twende tukalale.

Shika mafiga hayo matatu akilini, maana tutayahitaji hadi mwisho wa safari yetu.

WAZEE WETU WA VOK NA KBC

Wazazi wetu wanapokumbuka runinga ya zamani, huanza na majina mawili: Vitimbi na Vioja Mahakamani. Vipindi hivi vilionyeshwa na Sauti ya Kenya, ambayo wengi waliiita VoK, na ambayo ilibadilishwa jina ikawa KBC mwaka 1989. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, Mkenya hakuwa na stesheni nyingine ya runinga ya kuchagua. Runinga zenyewe zilikuwa chache. Mahali pasipokuwa na stima watu walitumia betri ya gari, na nyumba moja yenye runinga iligeuka kuwa ukumbi wa mtaa mzima. Watoto waliketi sakafuni, wakubwa vitini, na waliochelewa walichungulia dirishani.

Mtu waliyekuwa wakimngojea ni Mzee Ojwang. Jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, na aliaga dunia mwezi wa Julai mwaka 2015. Ojwang wa mchezoni alikuwa mzee mwenye hasira za karibu, anayejiona ana akili kuliko wote, na ambaye kila mpango wake humwendea segemnege. Mkewe wa mchezoni alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere, mwanamke asiyedanganyika kwa urahisi. Ukiwaongeza Othorong'ong'o Danger na Masaku, basi nyumba ilikuwa haikaliki kwa kicheko.

Sasa angalia. Ojwang hakutuchekesha kwa kutuambia vichekesho. Hakusimama akasema, "Sikilizeni, kulikuwa na mtu mmoja..." Alichekesha kwa kuchukulia jambo dogo kwa uzito mkubwa. Kwake yeye shilingi chache zilizopotea zilikuwa msiba, na mgeni asiyetarajiwa alikuwa vita. Kadiri alivyozidi kukunja uso ndivyo mbavu zetu zilivyozidi kuuma. Laiti angecheka pamoja nasi, mchezo ungeisha hapo hapo.

Vioja Mahakamani nayo ilikuwa na ufundi wake. Mahakama ni mahali pa heshima. Kuna jaji aliyekaa juu, kama Lucy Wangui ambaye wengi tunamjua kwa kiti hicho. Kuna kiongozi wa mashtaka, kuna askari, kuna mashahidi. Halafu analetwa mshtakiwa kama Makokha. Nitatoa mfano wangu mwenyewe ili tuelewane. Tuseme mtu ameshtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Mbuzi amepatikana chumbani mwake, chini ya kitanda, akiwa amefunikwa blanketi, na mshtakiwa ameshika kamba. Mtu huyo sasa anatakiwa aeleze, mbele ya sheria, jinsi yeye asivyohusika hata kidogo. "Mheshimiwa, huyu mbuzi alikuja mwenyewe kunitembelea. Nikaona anatetemeka kwa baridi. Je, ni kosa kumfunika mgeni?"

Si unaona mafiga yetu? Kazi haiwezekani, kwa kuwa ushahidi wote uko wazi. Sheria ni kali, tena sheria yenyewe imekaa pale juu ikitazama. Na mshtakiwa hakati tamaa. Kila swali la kiongozi wa mashtaka linamsukuma kwenye uongo mkubwa zaidi, naye anaubeba kwa moyo safi kama mtu anayebeba maji kwa pakacha. Sisi watazamaji tunajua hatafaulu. Tunachotaka kujua ni atafika umbali gani kabla maji hayajaisha.

MLINZI MWENYE SUTI NA MTAHINIWA MWENYE KARATASI MBAYA

Miaka ya 2000 ilipofika, Wakenya walipata mzee mwingine wa kuwavunja mbavu. Huyu ni Papa Shirandula wa Citizen, aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki Julai 2020. Papa ni mlinzi wa lango, lakini mkewe Wilbroda anaamini mumewe ni mtu wa ofisi. Kwa hiyo Papa hutoka nyumbani amevaa suti, akifika kazini huvaa sare ya ulinzi, na jioni hurudi kwenye suti. Jamani, huo si mtihani? Mtu amejipa kazi ya kuficha kazi! Kila mgeni anayekuja kazini ni hatari, kila jirani ni mpelelezi. Kazi ya ulinzi ni kazi halali kama kazi nyingine yoyote, na angeweza kuyamaliza mambo yote kwa kusema ukweli jioni moja tu wakati wa ugali. Lakini hakutaka, na kwa sababu hakutaka, sisi tuliketi mbele ya runinga kila wiki tukimngojea.

Ng'ambo nako, Waingereza walikuwa na Mr. Bean, aliyeigizwa na Rowan Atkinson. Kipindi cha kwanza kilionyeshwa tarehe 1 Januari 1990, na nina hakika kwamba hapa shuleni hakuna asiyemjua. Mr. Bean hasemi sana, ndiyo maana anaeleweka Ruiru sawasawa na London. Katika kipindi hicho cha kwanza anaingia kwenye mtihani wa hesabu. Amejiandaa kwa trigonometria peke yake. Anafungua bahasha, lo! maswali ni ya kalkulasi. Hapo ndipo anapoanza kuhangaika. Anachungulia karatasi ya jirani, anafanya kila hila mwili unayoweza kufanya ukiwa umeketi kitini. Wakati unapoyoyoma kabisa, msimamizi anataja kwamba kulikuwa na karatasi mbili katika bahasha, ya kalkulasi na ya trigonometria. Bean anatazama ndani ya bahasha yake. Kumbe karatasi aliyoisomea ilikuwa humo muda wote!

Mwanafunzi yeyote anayetazama sehemu hiyo hucheka huku tumbo likimkaza. Ni nani asiyejua baridi ile inayopita mgongoni unapofungua karatasi na kukuta mada uliyoiruka? Kwa nusu saa ya runinga, hofu yetu kubwa ya shuleni inabebwa na mtu mwingine, na siku ya pili hakuna matokeo yanayobandikwa ukutani.

KIAZI, TIKITI NA SULTANI WA LONDON

Siku hizi kuna kipindi kimoja cha Uingereza ambacho kimeuchukua mchezo huu na kuutengenezea utaratibu kamili. Kinaitwa Taskmaster, nacho kilianza mwaka 2015. Aliyekibuni ni mchekeshaji aitwaye Alex Horne. Vijana wengi hapa kwetu wamekiona vipande vipande kwenye simu. Wachekeshaji watano hupewa kazi zilizoandikwa na kufungwa katika bahasha. Baadaye huketi pamoja na kutazama kila mmoja alivyofanya, na mchekeshaji mwingine, Greg Davies, hukaa kwenye kiti kikubwa kama mfalme na kugawa alama, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5. Horne huketi kando yake kama msaidizi mtiifu. Ukiniuliza mimi, nitakuambia huyo ni Sultani na waziri wake, na waliobaki ni Abunuwasi watano.

Katika kipindi cha kwanza kabisa waliambiwa wale tikiti maji kadiri wawezavyo kwa dakika moja. Wewe ungeanzia wapi? Romesh Ranganathan hakuwa na muda wa adabu. Alilinyanyua tikiti zima akalibwaga sakafuni, likapasuka, naye akaanza kuchota kwa mikono na kujaza mdomo. Mtu mwenye heshima zake! Katika kipindi hicho hicho waliambiwa pia wachore picha ya farasi huku wamempanda farasi. Ukifikiria kidogo utaona kwamba hakuna mahali pabaya zaidi pa kumtazama farasi kuliko juu ya mgongo wake.

Lakini kisa kinachokumbukwa sana ni cha kiazi. Mwaka 2016 walitakiwa wakitie kiazi ndani ya shimo la gofu, kwa haraka iwezekanavyo, bila kugusa sehemu nyekundu iliyolizunguka shimo. Wengine walihangaika na vifaa. Joe Wilkinson alisimama, akarusha kiazi mara moja tu, kikaingia shimoni moja kwa moja. Alifurahi kama aliyeshinda Kombe la Dunia. Halafu filamu ilipotazamwa vizuri, ikagunduliwa kwamba mguu wake ulikuwa umegusa ile sehemu nyekundu kidogo tu. Sheria ni sheria. Akanyimwa alama zote.

Ajabu ni kwamba watazamaji walihuzunika kwelikweli, huku wakicheka. Walibishana kuhusu kiazi kama tunavyobishana hapa kuhusu penalti aliyonyimwa Gor Mahia. Na zawadi ya msimu mzima ni nini? Ni sanamu ya kichwa cha Greg Davies iliyopakwa rangi ya dhahabu. Basi.

SASA, TUNACHEKA NINI HASA?

Baada ya mifano hiyo tunaweza kujibu swali letu. Nimeona sababu nne.

Kwanza, tunacheka kwa sababu bidii na jambo lenyewe havilingani. Mtu akitoa jasho kwa kulima shamba la kahawa hatucheki, tunampa pole. Akitoa jasho lile lile kwa ajili ya kiazi, akili zetu zinashindwa kupanga mambo hayo mawili mahali pamoja, na kicheko kinatoka.

Pili, tunacheka kwa sababu tunajua asichokijua yeye. Tunamwona Wilbroda akikaribia lango kabla Papa hajamwona. Kujua huko kunatufanya tuwe kama watu waliopanda juu ya mti wakimtazama mwenzao akipotea njia. Tunataka kumwita, na tunataka aendelee kupotea.

Tatu, tunacheka kwa sababu hakuna anayeumia. Tikiti limepasuka, sakafu imelowa, hadithi imeisha. Kama mtu angevunjika mguu, runinga ingezimwa na watu wangetafuta gari. Upuuzi wa kazi ndio unaotupa ruhusa ya kucheka. Kukiwa na kitu cha thamani kinachopotea, ruhusa hiyo huondolewa.

Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, tunacheka kwa sababu mchekeshaji amekubali kushindwa mbele yetu na bado anajaribu. Sote tunaogopa kuonekana wajinga. Ndiyo maana mwalimu akiuliza swali darasani, mikono huwa mizito ghafla kama imefungwa mawe, hata ya wale wanaojua jibu. Mchekeshaji anafanya kile tusichothubutu. Anaingia ulingoni akijua atachekwa, na haachi hadi filimbi ya mwisho. Kwa hiyo ndani ya kicheko chetu mna heshima, hata kama hatuitaji. Hatumpendi Ojwang kwa sababu alishindwa. Tunampenda kwa sababu wiki iliyofuata alikuja na mpango mwingine.

KICHEKO KINAPOGEUKA MWIBA

Hapa, mpenzi msomaji, naomba tuache mzaha kidogo.

Iko tofauti kubwa kati ya kumcheka aliyekubali kuchekwa na kumcheka asiyekubali. Yule wa kwanza ni mchezaji, wa pili ni windo. Mtu akirekodiwa kwa kamera iliyofichwa akidanganywa hadi analia, hapo figa la tatu halipo. Hakuikubali kazi. Hakujua hata kama kuna mchezo. Wahenga walituonya: hujafa hujaumbika.

Na jambo hili haliko runingani peke yake. Liko hapa shuleni, tena liko katika Chama chetu. Ruiru ni mji wa watu waliotoka kila pembe ya nchi. Wako waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya kahawa, wako wa viwandani, wako walioletwa na masomo, na wako waliofuata nyumba za kupanga kando ya barabara ya Thika. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama. Kikuyu hakina sauti ya "l", kwa hiyo lori huwa "rori". Kikamba nacho hakina "r", kwa hiyo mambo hugeuka upande wa pili. Kijaluo hakina "sh", kwa hiyo shamba huwa "samba". Hilo si ujinga wala uvivu. Ulimi umefunzwa kazi moja tangu utotoni, na sasa unaombwa kazi nyingine, kama mtu aliyezoea jembe kupewa sindano.

Lakini nini hutokea mwanafunzi akisimama katika mjadala wetu na "l" ikamponyoka? Darasa zima huangua kicheko. Anaketi. Muhula mzima hasikiki tena. Kuna wenzetu wenye hoja nzito ambao wamenyamaza kwa sababu ya herufi moja. Je, huo ni ushindi wa Kiswahili? Chama cha kukuza lugha kinawezaje kuwafunga watu midomo?

Utasema, "Mbona Ojwang alichekesha kwa lafudhi?" Swali zuri. Hebu sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Ojwang wa Vitimbi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba alikuwa Mjaluo. Kumbe Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu! Aliisikiliza lafudhi ya majirani zake, akajifunza, akaivaa kama koti kwa miaka mingi hadi ikamkaa sawasawa. Naye hakumfanya Ojwang kuwa kinyago. Alimpa hasira, mapenzi kwa mkewe, aibu na tamaa kama binadamu yeyote. Lafudhi ilikuwa nguo yake, kichekesho chenyewe kilikuwa mashaka yake. Na alijiweka yeye mwenyewe kwenye mashaka hayo, hakumsukuma mtu mwingine. Sisi tunapomcheka mwenzetu aliyesimama kutoa hoja ya kweli, hatujaigiza chochote. Tumemvua mtu nguo tu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Pale Kahawa, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ndiko walikosomea vijana watatu walioanzisha kundi la Redykulass mwishoni mwa miaka ya 1990: Walter Mong'are aliyeitwa Nyambane, Tony Njuguna na John Kiarie. Hawa walijipa mtihani mgumu kweli, wa kumwigiza Rais Moi wakati yeye mwenyewe yuko madarakani. Wakati huo watu walitazama nyuma kabla ya kulitaja jina lake. Nyambane aliiga sauti na mwendo wake mbele ya kamera, na nchi ikacheka bila kufungwa. Angalia walimchagua nani. Walimtania mkubwa aliye juu, mwenye nguvu zote. Hawakumtania mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye ametoka nyumbani juzi.

JIONI YA MAJARIBIO

Kwa kuwa kulalamika bila kupendekeza ni kazi rahisi, nina pendekezo. Chama chetu kiandae jioni moja kila muhula, tuiite Jioni ya Majaribio. Mafiga yawe yale yale matatu. Kazi iwe ya kipuuzi, ili asiwepo wa kuona aibu ya kushindwa. Sheria ziwe kali, zisomwe kwa sauti, na mwamuzi awe na neno la mwisho. Na wanaojaribiwa wawe wamejitolea wenyewe. Mtu asisukumwe jukwaani na marafiki.

Haya ni majaribio machache ya kuanzia.

Jaribio la kwanza: mshawishi samaki wa mto Ruiru anunue mwavuli. Una dakika mbili. Ukitaja neno "maji" au neno "mvua", umetoka.

Jaribio la pili: wewe ni wakili wa mche wa kahawa wa Ruiru 11, ile aina iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa hapa hapa kwetu, ikapewa jina la mji wetu. Tingatinga limefika ili nyumba za kupanga zijengwe. Utetee mche huo mbele ya jaji. Jaji haruhusiwi kutabasamu. Akitabasamu, mche umepona.

Jaribio la tatu: zungumza dakika moja juu ya chaki, bila kusita, bila kurudia neno, bila kutoka nje ya mada. Waingereza wanao mchezo wa aina hii redioni, Just a Minute, ulioanza BBC mwaka 1967. Ukidhani ni rahisi, jaribu sasa hivi ukiwa peke yako. Tutaonana sekunde ya kumi na tano.

Jaribio la nne: mwalimu mmoja, naomba radhi mapema, apewe dakika tatu aeleze kwa nini yeye hajaleta kazi ya ziada aliyopewa jana. Wanafunzi wawe viongozi wa mashtaka. Ushahidi wote uwe dhidi yake.

Nawaomba walimu wetu wapendwa wasilikatae hilo la nne. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake amesimama pale mbele, akihangaika kueleza jinsi daftari lake lilivyoanguka kutoka kwenye matatu karibu na Githurai, atajua kwamba kushindwa hakuui. Kesho yake mwalimu huyo huyo akiuliza swali, mkono mmoja zaidi utainuka. Huenda "l" ikamponyoka mwenye mkono huo. Tumwache amalize hoja yake.

Wasomaji wenzangu, nafasi niliyopewa imekwisha na mhariri ananikodolea macho. Wanaotaka kujaribiwa waandike majina yao kwa katibu wa Chama kabla ya wiki ya mitihani. Samaki anangoja mwavuli wake.